Fungate Katika Machimbo Yaliyoachwa

Tarehe 19 Mei 1880, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, ilifungwa arusi ambayo mtu aliyepita njiani asingaliijua kuwa ni arusi. Hapakuwa na ngoma, wala karamu, wala jamaa wa upande wo wote. Bwana arusi na bibi arusi walikwenda nyumbani kwa mchungaji wa Kipresbiteri, Dr. William Scott, wakaoana mbele ya mke wa mchungaji na rafiki mmoja, Bibi Dora Williams, aliyekuwa mke wa mchoraji wa picha. Pete zao zilikuwa za fedha, si za dhahabu. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 29, naye alikuwa amekonda kwa ugonjwa hata nguo zikamwelea mwilini. Bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 40, mama wa binti aliyekwisha olewa na wa mvulana wa miaka 12.

Bwana arusi huyo alikuwa Robert Louis Stevenson, mwenyeji wa Edinburgh katika Uskoti. Siku ile jina lake lilijulikana na watu wachache tu wapendao vitabu. Baadaye aliandika hadithi iliyozunguka dunia nzima, nayo ikafasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, ikasomwa shuleni katika Afrika ya Mashariki na watoto wengi ambao hawakuwa wameiona bahari hata mara moja. Lakini habari za hapa si habari za maharamia. Ni habari za watu watatu na mbwa wao, na jinsi walivyopitisha mwanzo wa kiangazi cha mwaka ule. Ni vema kukumbuka ya kuwa kiangazi cha huko huanguka katika miezi ya Juni na Julai, wakati ambapo watu wa Limuru na Molo hukaa karibu na moto wakiwa wamejifunga mablanketi.

Ili jambo lieleweke, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Stevenson alikuwa mtoto wa pekee. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa wahandisi wa minara ya taa za baharini. Babu yake alisimamia ujenzi wa mnara wa Bell Rock, na baba yake, Mzee Thomas Stevenson, aliifuata kazi hiyo hiyo. Mzee Thomas alikuwa mtu wa dini sana, mwenye moyo wa upendo lakini mkali wa nafsi, naye alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mhandisi wa nne katika mlango ule. Mwana akakataa uhandisi, akasoma sheria. Alipokwisha kupata cheo cha uwakili mwaka 1875 akaiweka sheria kando, akasema kazi yake ni kuandika. Mzazi ye yote aliyemlipia mtoto karo kwa miaka mingi aweza kufahamu uchungu wa mzee yule.

Mwaka 1876, katika kijiji cha Grez nchini Ufaransa, kijana huyo akakutana na Bibi Fanny Osbourne, Mmarekani aliyekuja Ulaya na watoto wake kujifunza uchoraji. Bibi huyo alikuwa ametoka katika msiba mzito. Mtoto wake mdogo, Hervey, alikuwa amefariki Paris mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Mumewe alibaki California, na maisha yao ya ndoa yalikuwa yameharibika kwa muda mrefu. Wakapendana, yeye na kijana wa Uskoti. Mwaka 1878 bibi akarudi California, na mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, Stevenson akamfuata pasipo kuwaaga baba yake wala mama yake.

Hapo ndipo penye kosa, kwa maana mtoto wa pekee asiyeaga wazazi wake huwaachia kitu kibaya kuliko hasira. Aliabiri meli iitwayo Devonia. Alipofika New York mvua ilikuwa ikinyesha kama gharika. Alipotaka kuendelea na safari, viatu, soksi na suruali yake vilikuwa vimelowa kiasi kwamba aliviacha vile vile sakafuni. Akavuka bara zima katika mabehewa ya maskini wahamiaji, akiwa anaumwa. Mwishoni mwa Agosti akafika Monterey. Muda si muda, alipokuwa akitembea milimani peke yake, alianguka, akalala chini ya mti akiwa hajiwezi. Lau si wafugaji wa mbuzi waliomwokota wakamtunza kibandani kwao, hadithi ingaliishia pale.

Majira ya baridi alikaa San Francisco katika chumba cha kupanga, akila kwa senti 45 kwa siku, chakula na kinywaji pamoja, ili fedha zisimwishie. Fanny alikuwa amepewa talaka na mahakama mwezi wa Desemba, lakini wao wenyewe waliona vema kungoja kwa ajili ya heshima. Kisha mtoto mdogo wa mwenye nyumba akashikwa na homa ya mapafu. Stevenson alikesha naye usiku baada ya usiku mpaka mtoto akapona, halafu yeye mwenyewe akaanguka. Mwezi wa Machi 1880 alikuwa kati ya uhai na kifo. Fanny akamchukua nyumbani kwake Oakland, ng'ambo ya ghuba, akamwuguza bila kujali watu watasema nini.

Watu walisema, bila shaka. Lakini neno lililongojewa lilikuwa la mtu mmoja tu, naye alikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Aprili neno hilo likaja kwa simu ya waya. Mzee Thomas alikuwa amepata habari kwamba mwanawe anakufa kwa maradhi na njaa, naye alimjulisha kuwa atampa pauni 250 kila mwaka. Mzee hakuwa amebadili mawazo yake juu ya talaka, wala hakuwa amemwona mwanamke yule. Katika nchi zetu wazee hukutana, wakanena, wakanywa, mahari ikapatanwa, ndipo vijana wakaoana. Hapa wazee waliingia katika arusi kwa maneno machache ya simu yaliyolipiwa kwa hesabu, lakini waliingia. Arusi ya tarehe 19 Mei isingaliwezekana bila simu ile, au kama ingaliwezekana, ingalikuwa arusi ya mtu anayelala kitandani akingoja kuzikwa.

Fungate, kwa desturi ya pwani, ni siku saba. Maarusi huketi ndani, hupikiwa, huogeshwa kwa manukato, wala hawaguswi na kazi. Fungate ya Bwana na Bibi Stevenson ilichukua kama miezi miwili, na hakuna aliyewapikia. Daktari alikuwa amesema kwamba ukungu wa San Francisco, unaotoka baharini karibu kila siku wakati wa kiangazi, utammaliza mgonjwa. Ilibidi apelekwe mahali pa juu penye hewa kavu. Basi siku chache baada ya arusi walifunga mizigo, wakamchukua na yule mvulana, Lloyd, pamoja na mbwa aitwaye Chuchu, wakavuka ghuba kwa chombo mpaka Vallejo, kisha wakapanda gari la moshi kupitia Bonde la Napa, nchi ya mizabibu na mashamba ya ngano, mpaka lilipokomea reli. Mji ule uliitwa Calistoga. Ardhi yake ina chemchemi za maji ya moto, nao wenyeji walikuwa wakitumaini kwamba matajiri watamiminika kuja kuoga.

Katika Calistoga lilitokea jambo dogo lililomfurahisha Stevenson kuliko mengi makubwa. Alizungumza kwa simu ya sauti mara yake ya kwanza. Simu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne tu tangu Alexander Graham Bell apate hati yake mwaka 1876, na huku mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa pori, mtu aliongea mbele ya kisanduku ukutani na mwendesha magari ya farasi mashuhuri wa nchi ile, Clark Foss, bila kumwona uso.

Kukaa hotelini kulihitaji fedha. Pauni 250 kwa mwaka ni fedha ya kutosha kwa mtu mmoja mwenye afya, bali kwa familia yenye mgonjwa, yenye deni, na yenye safari ndefu ya kurudi Uskoti mbele yake, ilipasa kila dola ihesabiwe. Ndipo mwenye duka mmoja wa Calistoga alipowaambia habari za Silverado. Juu ya mlima wa Saint Helena, ambao kimo chake chapita futi 4,300, yalikuwako machimbo ya fedha. Miaka michache kabla ya hapo palizuka mji mahali pale, wenye hoteli na maduka na watu wenye haraka ya kutajirika. Kisha fedha ikatindika, watu wakatawanyika upesi kama walivyokuja, na nyumba nyingine zikang'olewa na kuhamishwa mahali pengine. Yalibaki mashimo marefu yaliyoingia tumboni mwa mlima, reli fupi za kusukumia mawe, na nyumba moja mbovu ya wafanyakazi iliyosimama peke yake kwenye ukingo wa genge. Nyumba hiyo haikuwa na mpangaji. Angetaka nani kuipanga?

Walipofika kuiona walikuta haina milango, wala dirisha lenye kioo. Chumba cha chini kilijaa takataka, mawe, mabaki ya vyuma na karatasi za hesabu za wachimbaji waliokwenda zao. Kichaka cha mti ambao majani yake huwasha na kutoa malengelenge mwilini kilikuwa kimejipenyeza ndani, kama kwamba ndicho mwenye nyumba. Chumba cha kulala kilikuwa juu, chenye vitanda vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mara tatu, na hapakuwa na ngazi ya kukifikia kutoka ndani. Mtu alizunguka nyuma ya nyumba, akapanda kilimani, kisha akapita juu ya ubao kuingia. Mbele ya nyumba ulikuwapo uwanja uliofanywa na vifusi vya machimbo, na kutoka pale bonde lote lilionekana chini. Hapo ndipo bibi arusi alipokubali kuletwa.

Lakini Fanny hakuwa mgeni wa mahali kama pale. Alipokuwa mke kijana aliishi Nevada katika kambi za wachimbaji wa fedha, ambako wanawake walikuwa wachache sana. Alijua kulenga bunduki, kushona, kupika juu ya moto wo wote, na kutumia nyundo na msumeno. Msomaji anayepiga picha ya mume akijenga nyumba huku mke akitazama ageuze picha yake. Mume hakuruhusiwa kufanya kazi nzito, kwa kuwa kunyanyua gogo moja kungaliweza kumtapisha damu. Mke ndiye aliyetengeneza viunzi vya milango na madirisha, akavitandika kitambaa cheupe chembamba cha pamba badala ya vioo na mbao, akafanya kile kibanda kipitishe mwanga bila kupitisha upepo wote.

Siku ya kuhamia ilikuwa siku ya matatizo, kama zilivyo siku zote za kuhama. Mwindaji mmoja aliyekaa jirani alikuwa ameahidi kupeleka mizigo kwa gari lake, lakini mwindaji huishi kwa saa zake mwenyewe. Jua lilishuka, na familia ikabaki katika nyumba tupu isiyo na jiko wala meko, na baridi ya mlimani ikaanza kuuma. Ng'ambo ya uwanja palikuwapo tanuri la mhunzi wa zamani, lililozimika tangu machimbo yalipofungwa. Wakaliwasha hilo. Mtu na mkewe wa siku chache, na mvulana wa mume mwingine, wakaketi kulizunguka tanuri lililotumika kunolea sululu za watu waliokwisha kwenda, wakiota moto na kusikiliza kama gari linakuja. Hatimaye walilala juu ya majani makavu yaliyotandikwa katika vitanda vya wachimbaji.

Waliigeuza hali yao kuwa mzaha. Stevenson na mkewe walijiita Mfalme na Malkia wa Silverado, Lloyd akawa Mrithi wa Ufalme, na Chuchu naye, ambaye hakuwa na ushujaa hata kidogo, akapewa cheo kikubwa katika jamaa ya kifalme. Mzaha huo haukuwa upuuzi. Mvulana wa miaka 12 aliyeona ndoa ya mama yake ikivunjika, kisha akaona mgeni mwembamba mwenye kikohozi akiwekwa mahali pa baba, anahitaji kupewa nafasi ambayo haimlazimishi kuchagua. Katika ufalme wa Silverado baba yake Lloyd hakutukanwa wala kutajwa. Yeye alikuwa mrithi, basi. Watu wanaolea watoto wa kambo wanajua ugumu wa jambo hili, na wengi hulipoteza katika mwezi wa kwanza.

Siku hazikuwa nyingi kabla ya pigo kuja. Fanny na Lloyd wakashikwa na dondakoo, wote wawili pamoja.

Leo mtoto wa Kenya huchomwa sindano ya kinga ya ugonjwa huo kliniki akiwa bado mchanga, na mama wengi hawajapata kuuona. Mwaka 1880 hapakuwa na kinga wala dawa. Dawa ya damu iliyogunduliwa na Emil von Behring na wenzake ilikuja baada ya mwaka 1890. Dondakoo ilifunga koo la mtoto kwa utando hata akashindwa kuvuta pumzi, na daktari aliweza kufanya machache tu. Fanny alikuwa amekwisha zika mtoto mmoja. Alikuwa sasa yu kitandani mwenyewe, na mwanawe wa pekee aliyebaki anaumwa karibu naye. Aliyesimama ni yule ambaye miezi miwili tu nyuma alikuwa akilishwa uji kwa kijiko.

Walishuka mlima kurudi Calistoga, karibu na daktari. Mfalme wa Silverado akawa muuguzi. Haijulikani kama katika maandiko ya dini au ya serikali kuna kiapo cha ndoa kinachotaja mambo haya kwa mpango ule, kwamba mke atauguza kwanza, kisha mume, katika mwaka ule ule na kabla ya nguo za arusi kuchakaa. Kwa bahati njema ugonjwa haukuwa mkali. Wote wawili walipona, na katika mwezi wa Juni familia ikapanda tena kwenye machimbo yake. Safari hii hawakuwa peke yao. Binti yao Belle, aliyeolewa mwaka mmoja nyuma bila kumwarifu mama yake, alikuja na mumewe Joe Strong, mchoraji, ili kusaidia kazi. Kwa hiyo katika kibanda kile zilikaa ndoa mbili changa, ya mama na ya binti, na wala hapakuwa na kati yao aliyeweza kumlaumu mwenzake kwa kuoa haraka.

Tangu hapo siku zilikuwa njema. Stevenson aliamka kwanza, akawasha jiko, akapika kahawa na uji. Hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa, naye aliifanya kwa fahari. Kisha alitembea uwanjani jua likichomoza. Asubuhi moja alitazama chini akaona bonde zima limetoweka. Ukungu wa baharini ulikuwa umeingia usiku na kulijaza, na juu yake kulikuwa kweupe na kutulivu kama bahari yenyewe, vilele vya vilima vikitokeza mfano wa visiwa. Ukungu ule ule uliokuwa karibu kumwua San Francisco sasa ulikuwa chini ya miguu yake. Alikaa akiutazama ukipanda, akipima kwa macho kama utafika mlangoni kwake, maana kwa mtu mwenye mapafu kama yake lile halikuwa jambo la kutazama kwa uzuri peke yake.

Walitembea kidogo. Walikwenda kwa Jacob Schram, Mjerumani aliyekuja Marekani akiwa kinyozi, akaanzisha shamba la mizabibu mwaka 1862 na kuchimba mapango ya kuhifadhia mvinyo. Mume alishuka pangoni na mwenye shamba kuonja mvinyo, akaonja kila aina. Mke alibaki barazani akizungumza na Bibi Schram. Walikwenda pia kuona msitu wa miti iliyogeuka mawe tangu zama za kale, uliovumbuliwa na baharia mzee aliyekuwa akisafisha kiwanja chake. Stevenson aliipita miti upesi, akazungumza zaidi na yule mzee.

Hatari moja waliishi nayo bila kuijua. Mahali pote kuizunguka nyumba palisikika mlio mkavu wa kutikisika, mchana kutwa, nao walidhani ni panzi au nyenze. Chuchu peke yake hakudanganyika. Kila mlio uliposikika aliruka na kutetemeka, nao wakamcheka kwa woga wake. Baadaye ndipo Stevenson alipojua kwamba ule ni mlio wa nyoka wenye njuga mkiani, ambao sumu yao yaweza kuua mtu, na kwamba mlima ulikuwa umejaa nyoka hao. Walikuwa wamepita kati yao kila siku, wakienda kuteka maji na kuokota kuni, mvulana akicheza na watu wazima wakiketi juu ya mawe, pasipo hata mmoja kuumwa.

Hata juu ya kibanda kile hawakuwa na haki yo yote. Siku moja mwenye machimbo alipanda akija kutazama mali yake, na wale wafalme, ambao hawakulipa kodi ya senti moja, wakadhani ufalme umekwisha. Bwana yule aliuliza habari kwa upole, akawaacha walipo. Mwishoni mwa Juni muda wa haki yake ulikwisha, na yule mwindaji jirani akayatwaa machimbo kwa kufuata sheria ya huko. Stevenson aliyatazama mambo hayo ya kupokonyana shimo tupu kwa mshangao. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuchimba.

Mwishoni mwa Julai waliteremka kwa mara ya mwisho. Tarehe 7 Agosti 1880, mwaka mzima kamili tangu Stevenson aondoke Uskoti kwa siri, waliabiri meli katika bandari ya New York, na tarehe 17 wakafika Liverpool. Gatini walisimama Mzee Thomas na Bibi Margaret, mama yake. Mtu aweza kuwaza hofu ya Fanny aliposhuka ngazi za meli: mwanamke mwenye talaka, mwenye umri wa miaka kumi zaidi ya mumewe, anakwenda kutazamwa na mkwe ambaye dini yake haikuwa na nafasi ya jambo kama hilo. Lakini wazee walikuwa wametazama kwanza mtu mwingine. Mwana waliyedhani watamzika alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe, nao walijua ni nani aliyemfikisha hapo.

Mkwe na mkaza mwana walipatana kuliko mtu ye yote alivyotazamia. Mzee Thomas alikuwa mtu wa kubishana, naye akamkuta mwanamke asiyeogopa kubishana. Hata akamtaka mwanawe aahidi kutochapisha kitu cho chote asichokikubali mkewe. Kitabu cha safari ya wahamiaji, chenye habari za meli na behewa la maskini, mzee hakukipenda; kilimtia aibu kwamba mtoto wake alisafiri vile, akalipa fedha ili kiondolewe kisichapwe wakati ule. Habari za Silverado ziliruhusiwa. Zilitoka katika kitabu mwaka 1883.

Mwaka 1881, mwezi wa Agosti, familia yote ilikutana katika nyumba ndogo huko Braemar, katika milima ya Uskoti. Mvua haikukoma. Lloyd alikuwa akipaka rangi picha mezani ili kupitisha wakati, na baba yake wa kambo akaketi naye, wakapata ramani ya kisiwa, na katika ramani ikazaliwa hadithi. Kila siku Stevenson aliandika sura moja, akawasomea jioni. Mzee Thomas, ambaye maisha yake yote aliitaka kazi ya uhandisi na si ya hadithi, alisikiliza kwa makini kuliko mvulana. Ilipofika sehemu ambapo sanduku la yule baharia mzee litafunguliwa, alijitenga sehemu kubwa ya siku akiandika, nyuma ya bahasha ya mawakili, orodha ya vitu vyote ambavyo sanduku kama lile lapaswa kuwa navyo. Mwanawe aliichukua orodha hiyo, akaifuata neno kwa neno.